Vifo vya nguzo ya mashariki: uchambuzi wa ujenzi wa Daraja la Eads, St. Louis

Tarehe 19 Machi 1870, kibarua mmoja alimaliza zamu yake ya saa mbili chini ya mto Mississippi, akatoka juu mbele ya jiji la St. Louis, akasema hajambo kabisa. Robo saa baadaye pumzi ilimpaa, akaanguka, akafa. Alikuwa wa kwanza. Nguzo mbili za katikati ya mto zilipokamilika, kati ya watu 352 waliofanya kazi ndani ya vyumba vya hewa iliyoshindiliwa chini ya nguzo hizo, 30 walikuwa wameumia vibaya, na 12 miongoni mwao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Daraja lenyewe bado lipo, linatumika kila siku, na ndilo alama ya kihistoria yenye uzito kuliko zote katika ufuko wa jiji hilo, ingawa watalii wengi hulipa kisogo na kulitazama tao kubwa jirani yake. Vifo vya ujenzi wake husimuliwa kama bahati mbaya ya zama ambazo sayansi ilikuwa changa. Maelezo hayo hayatoshi. Uamuzi mmoja wa kihandisi, uliokuwa wa busara kwa mashine, uliwaumiza wafanyakazi. Na hatua zilizokuja kupunguza vifo zilitokana na daktari aliyekosea kuhusu chanzo cha ugonjwa. Ukivifuata vitu hivyo viwili, kisa chote hufunguka.

Kwa nini kwenda chini kiasi hicho

Kabla ya daraja, mto ulivukwa hapo St. Louis kwa pantoni. Kampuni ya Wiggins ilishika biashara hiyo kwa miongo mingi, na baridi ikikaza, mto ukijaa mapande ya barafu, mizigo ililala ng'ambo ya Illinois siku nyingi. Wakati huohuo Chicago ilikuwa inanyakua biashara ya magharibi kwa reli: daraja la kwanza la reli kuvuka Mississippi lilijengwa Rock Island mwaka 1856, mbali kaskazini, na treni zake zilielekea Chicago. Wafanyabiashara wa St. Louis, walioishi kwa meli za mvuke, waliamka wakiwa wamechelewa.

Mwaka 1867 kazi ya mhandisi mkuu alipewa James Buchanan Eads, mtu ambaye hakuwahi kujenga daraja hata moja. Alichokijua ni sakafu ya mto. Tangu mwaka 1842 aliishi kwa kuopoa mizigo na mitambo ya meli zilizozama, akiteremka mwenyewe ndani ya kengele ya kuzamia, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe aliijengea serikali manowari saba zenye deraya ya chuma. Katika mafuriko ya mwaka 1851 alisimama chini ya futi 65 za maji, kusini ya mji wa Cairo, Illinois, akakuta mchanga wa sakafu unatembea kwa kina cha futi tatu. Mto ukijaa hukwangua sakafu yake, na kadiri mkondo unavyobanwa na barafu ndivyo unavyochimba zaidi. Nguzo iliyosimamishwa juu ya mchanga, hata ikiwa imezama kiasi gani, siku moja itabaki haina kitu chini yake. Kwa hiyo Eads alisema nguzo zote lazima zikalie mwamba.

Sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1866 ilimbana upande mwingine: ili meli zipite, daraja lilitakiwa liwe na nafasi moja isiyopungua futi 500 kati ya nguzo na nguzo, au mbili za futi 350. Eads alichagua matao matatu ya chuma, futi 502, 520 na 502, yaani takriban mita 153, 158 na 153. Hakuna tao la chuma lililokuwa limefika upana huo. Nguzo mbili zingesimama ndani ya maji, na maegemeo mawili ukingoni, moja upande wa Missouri na moja upande wa Illinois. Mwamba uko karibu upande wa magharibi, kisha unateremka kuelekea mashariki. Egemeo la magharibi lilijengwa kwa kuzungushia ukuta na kutoa maji, ingawa hata hapo walikwama kwa mabaki ya meli zilizozama na takataka za miaka mingi. Nguzo zilizobaki hazikuweza kujengwa hivyo.

Jinsi kesoni inavyofanya kazi

Mwaka 1869, akiwa Ufaransa kwa matibabu, Eads aliona huko Vichy nguzo za daraja zikizamishwa kwa kesoni. Kesoni ni sanduku kubwa la chuma na mbao lisilo na sakafu. Fikiria bilauri iliyofudikizwa ndani ya karai la maji: hewa iliyomo huyazuia maji yasipande. Ukiendelea kusukuma hewa kwa pampu, maji hubaki nje hata ukiwa chini sana, na watu wanaweza kusimama ndani na kuchimba.

Kesoni ya nguzo ya mashariki ilikuwa na urefu wa futi 82 na upana wa futi 60, na chumba cha kazi chenye kimo cha futi 9. Iliteremshwa majini Oktoba 1869, ikakokotwa hadi mahali pake, na waashi wakaanza kujenga mawe juu ya paa lake. Mzunguko wa kazi ulikuwa huu: juu, waashi wanaongeza mawe na uzito unaisukuma kesoni ishuke; chini, vibarua wanachimba mchanga na kuusogeza kwenye mabomba; pampu ya mchanga iliyobuniwa na Eads mwenyewe, inayotumia mchirizi wa maji yenye nguvu, inaurusha mchanga juu hadi nje. Ikifika mwamba, chumba chote hujazwa zege, na sanduku hubaki humo kuwa sehemu ya msingi.

Hesabu ya hewa ni nyepesi. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na lile la hewa tunayoishi ndani yake. Nguzo ya mashariki ilifika mwamba tarehe 28 Februari 1870, kina cha kama futi 94, karibu mita 29. Humo ndani mtu alikuwa chini ya shinikizo la mara 3.8 hivi la kawaida. Sauti zilitoka puani, hakuna aliyeweza kupiga mluzi, na mshumaa uliopulizwa ukazimika ulijiwasha tena wenyewe. Mishumaa hiyo iliungua haraka na kujaza masizi mpaka ikabidi iwekwe ndani ya matufe ya vioo.

Lango la hewa

Ili mtu aingie katika hewa iliyoshindiliwa bila kuivujisha yote, lazima apite katika lango la hewa: chumba kidogo chenye milango miwili isiyofunguliwa pamoja. Akiingia, bomba hufunguliwa hewa ipande polepole hadi ilingane na ya ndani. Akitoka, hewa huachiwa ishuke.

Huko Ulaya lango hilo liliwekwa juu, kwenye kilele cha shimo la kupitia. Eads alilishusha chini kabisa, ndani ya chumba cha kazi. Faida zake zilikuwa za kweli. Shimo refu lilibaki na hewa ya kawaida, hivyo pampu hazikuwa na kazi ya kujaza nafasi kubwa. Nguzo ilipozidi kuzama, shimo liliongezwa juu bila kusimamisha kazi ili kulihamisha lango. Ngazi ya kuzunguka ilijengwa ndani ya shimo, na watu walipanda na kushuka wakivuta hewa ileile ya mjini. Mchoro wake unavutia, na ni vigumu kumlaumu mtu kwa kuupenda.

Sasa mfuate kibarua anapotoka. Amefanya kazi saa kadhaa. Anaingia langoni, hewa inaachiwa kwa dakika tatu au nne, mlango unafunguliwa. Mbele yake kuna ngazi yenye kimo cha jengo la ghorofa nane. Anaipanda kwa miguu, moyo ukienda mbio, misuli ikivuta damu, katika dakika zilezile ambazo mwili wake ulihitaji utulivu kuliko wakati wowote. Lango la Ulaya lingemfanya apande ngazi akiwa bado katika shinikizo, kisha ndipo atolewe. Kwa kuligeuza, Eads aliweka jasho zito zaidi mahali pa hatari zaidi. Hakuna aliyelijua hilo mwaka 1870, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kinachotokea mwilini

Sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni, gesi ambayo mwili hauitumii. Shinikizo likipanda, naitrojeni huyeyuka ndani ya damu, mafuta na neva, na huendelea kuyeyuka kadiri mtu anavyokaa chini. Kina hupanga kiwango cha juu kabisa. Muda hupanga ni kiasi gani cha kiwango hicho kimefikiwa. Shinikizo likiondolewa ghafla, gesi hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa. Viputo vikikaa kwenye maungio, mtu hukunjika kwa maumivu. Vikikaa kwenye uti wa mgongo, miguu hupooza na kibofu hukataa. Vikijaa mapafu au moyo, mtu hufa, kama yule wa tarehe 19 Machi. Ndio ugonjwa uleule unaowapata wazamiaji hadi leo.

Dalili zilianza nguzo ilipopita kina cha futi 60 hivi. Kwanza ilikuwa miguu mizito isiyouma sana, na wenzao waliwacheka waliotembea wameinama, wakiwafananisha na wanawake wa kitajiri wa siku hizo ambao magauni yao yaliwalazimisha kuinama mbele. Jina la mzaha huo, "bends" (miinamo), limebaki katika Kiingereza kuwa jina la ugonjwa wenyewe. Wengi walivaa mikanda ya zinki na fedha viunoni, vifundoni na mikononi, kwa imani kwamba umeme hafifu unaotokana na jasho utawakinga. Hata wasimamizi waliiamini. Haikuwa na kazi yoyote.

Ikumbukwe kwamba maarifa fulani yalikuwepo. Mwaka 1854 Pol na Watelle, madaktari wa Ufaransa waliochunguza wachimbaji wa makaa waliofanya kazi katika hewa iliyoshindiliwa, walikwisha kuandika kwamba mtu hulipa anapotoka: hatari haiko ndani, iko mlangoni. Walisema pia kwamba kurudi kwenye shinikizo huleta nafuu. Maneno hayo, yangepewa uzito St. Louis, yangeokoa roho. Yalikosa nguvu kwa sababu hayakueleza kwa nini, na msimamizi wa ujenzi anayehesabu dola kwa siku hawezi kuwaweka watu langoni saa nzima kwa uzoefu usio na maelezo.

Daktari aliyekosea na kupatia

Alphonse Jaminet alikuwa daktari wa familia ya Eads. Siku nguzo ilipogusa mwamba, aliteremka mwenyewe, akakaa chini saa mbili na dakika 45, kisha akatoka langoni kwa dakika tatu na nusu. Alifika nyumbani kwa taabu, akapooza, akashindwa kusema, na kwa saa kadhaa alijihesabu miongoni mwa wafu. Alipona.

Tukipima kwa kanuni aliyoiweka mwanasayansi Haldane mwaka 1908, kwamba mwili huweza kuvumilia shinikizo kupunguzwa hadi nusu kwa haraka lakini baada ya hapo lazima literemshwe kwa vituo, Jaminet alipaswa kuachiwa kutoka 3.8 hadi 1.9, kisha asubiri na kusubiri. Alishushwa moja kwa moja hadi 1. Kwa muda aliokaa chini, wazamiaji wa leo hutumia zaidi ya saa moja kutoka.

Mwisho wa Machi 1870, baada ya vifo vya mwezi huo, Jaminet alikabidhiwa afya ya vibarua wote. Aliamini chanzo ni uchovu: kwamba hewa nzito huuchosha mwili na kuula akiba yake. Kwa hiyo dawa zake zote zilikuwa za uchovu. Zamu, ambazo mwanzoni zilikuwa za saa nne na zikawa zimeshapunguzwa hadi mbili, zikafupishwa tena mpaka saa moja moja kwenye kina kirefu, na mapumziko marefu katikati. Kila anayeomba kazi alipimwa, na wagonjwa au wadhaifu wakakataliwa. Waliotoka chini walilala kwenye hospitali iliyoelea kando ya nguzo na kupewa supu ya nyama. Alitaka pia hewa iachiwe taratibu zaidi, dakika moja kwa kila ratili sita za shinikizo, yaani kama dakika saba kwa kina kile. Hiyo ilikuwa mara mbili ya alivyotoka yeye, na bado sehemu ndogo tu ya muda uliohitajika.

Nadharia yake ilikuwa potofu, lakini hatua tatu zilizochukuliwa zilipiga shabaha. Zamu fupi zilimaanisha naitrojeni kidogo mwilini. Kulala baada ya kazi kuliwatoa watu katika jasho lile la hatari. Na kwenye egemeo la mashariki, Eads alitia lifti ndani ya shimo, ili watu wasipande ngazi. Kwa yeyote anayechambua kisa hiki, lifti hiyo inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Ilikuwa marekebisho ya kosa la kuweka lango chini, yaliyofanywa na watu waliodhani wanaokoa nguvu za magoti.

Matokeo yanaonekana. Egemeo la mashariki ndilo lililokwenda chini kuliko yote. Lilifika mwamba Machi 1871, takriban futi 136 chini ya alama ya mafuriko makubwa. Shinikizo lilikuwa kubwa kuliko la nguzo iliyoua watu wengi. Ugonjwa wa hewa uliua huko mtu mmoja. Mwaka 1878 ndipo mwanasayansi wa Ufaransa Paul Bert alipothibitisha viputo vya naitrojeni. New York, ambako Daraja la Brooklyn lilikuwa likijengwa kwa njia hiyohiyo, mhandisi Washington Roebling alipooza mwaka 1872 na kuamua kusimamisha kesoni ya upande wa Manhattan kwenye futi 78 na inchi 6, juu ya mchanga mgumu, bila kufika mwamba.

Chuma kilipewa mpango wa pili

Inafaa kulinganisha na kazi ya juu ya maji, maana hapo Eads aliona hatari mapema. Matao yalijengwa kwa mabomba ya chuma cha pua yenye kipenyo cha inchi 18, kila bomba likiundwa kwa vipande sita vilivyoshikwa ndani ya gamba kama mbao za pipa. Kila kipande kilipitishwa kwenye mashine ya majaribio, na vilivyoshindwa vilirudishwa kiwandani vingi sana hadi mwenye kiwanda akapiga kelele. Matao hayakutegemezwa kutoka chini, kwa kuwa meli zilihitaji njia. Nusu mbili zilitokeza hewani kutoka nguzo mbili, zikishikwa kwa nyaya kutoka minara ya muda, hadi zikutane katikati.

Septemba 1873 zilikaribia kukutana na zikakataa. Joto lilikuwa limerefusha chuma, na nafasi iliyobaki haikutosha kuingiza kipande cha mwisho. Kulikuwa na mkopo wa nusu milioni ya dola kutoka London wenye sharti kwamba tao lifungwe kabla ya tarehe 19. Walizungushia mabomba magunia na kuyajaza barafu, usiku na mchana. Haikutosha. Ndipo wakatumia mabomba ya akiba ambayo Eads alikwisha kuyabuni kwa ajili ya siku kama hiyo, yenye skurubu ya kurefusha na kufupisha. Tao lilifungwa usiku wa tarehe 17. Eads mwenyewe alikuwa London na alipata habari kwa simu ya maandishi.

Kwa chuma, alikuwa amejiuliza mapema: je, hesabu yangu ikikosea? Lango la hewa halikuulizwa swali hilo.

Miaka 92 baadaye jambo hilohilo lilirudi hatua chache kusini. Tarehe 28 Oktoba 1965, kipande cha mwisho cha Gateway Arch, lile tao kubwa jirani ya daraja, futi 630 juu, kilikuwa kinaingizwa, na jua lilikuwa linaupasha mguu wa kusini. Wazima moto waliumwagia maji kwa mipira ili usitanuke.

Baada ya kufunguliwa

Tarehe 14 Juni 1874 tembo alipitishwa darajani, kwa kuwa watu waliamini tembo hakanyagi kitu kisicho imara. Tarehe 2 Julai zilipitishwa injini 14 za treni kwa pamoja, na tarehe 4 daraja likafunguliwa kwa maandamano. Gharama, pamoja na njia ya chini ya ardhi iliyopeleka reli hadi upande wa pili wa jiji, ilikaribia dola milioni 10. Reli hazikuja kwa kiasi kilichotarajiwa, kampuni ikafilisika, na mwaka 1878 daraja likauzwa mnadani kwa dola milioni mbili. Chicago ilikuwa imeshashinda mbio.

Treni za abiria ziliacha kulitumia mwaka 1974. Tangu 1993 reli ya jiji, MetroLink, hupita ghorofa ya chini, na kituo chake cha Laclede's Landing kiko kwenye mwisho wa magharibi, kati ya kuta za mawe za daraja. Barabara ya juu ilifungwa mwaka 1991 na kufunguliwa tena 2003. Ukarabati uliokamilika 2016 ulibadilisha sehemu kubwa ya sitaha ya reli na kuyapaka matao rangi upya, kwa lengo la kuliongezea daraja angalau miaka 75.

Anayetaka kuuona mpangilio mzima vizuri asimame ufukoni upande wa Missouri, kaskazini ya Gateway Arch, wakati maji yamepungua. Nguzo ya kushoto, iliyo karibu, ni ya magharibi. Ya pili ni ile iliyoua watu. Kisha apande njia ya waenda kwa miguu juu ya daraja atembee kuelekea Illinois. Akifika juu ya nguzo hiyo ya pili, lile shimo la ngazi liko chini ya miguu yake, limezungukwa na mawe mpaka kwenye chumba kilichojazwa zege mwaka 1870, na hakuna ukarabati uliowahi kulazimika kukigusa.